Modemu ikigoma baada ya kusasisha kerneli

Kwa nyinyi mnaoanza ufundi wa kompyuta huku Mtwara na Lindi: mteja akikuletea mashine ya Linux akasema, "Jana nimeisasisha, leo modemu haiunganishi," usiguse nywila, laini wala APN (jina la lango la intaneti la mtandao wa simu). Mafundi wengi wapya huanzia huko, wakafuta mipangilio iliyokuwa sahihi na kuzaa tatizo la pili. Kilichobadilika ni kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoongoza vifaa vya mashine, basi anza na kerneli.

Andika uname -r upate toleo linaloendesha mashine, kisha ls /lib/modules. Lazima pawe na folda yenye jina lilelile, herufi kwa herufi. Humo hukaa moduli, yaani vipande vya kerneli vinavyoendesha vifaa. Modemu nyingi za USB hutegemea moduli ya option pamoja na usbserial, na pppd, programu inayopiga *99# ili kuunganisha intaneti, hutegemea ppp_generic na ppp_async. Kila kerneli ina folda yake. Kwa kawaida moduli ya toleo la zamani haiingii kwenye jipya. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya usasishaji, unaweza kukuta kerneli mpya imekaa lakini moduli zake hazijakamilika. Ukiandika sudo modprobe option (amri ya kupakia moduli) ukaambiwa moduli haipo, ugonjwa umeuona.

Moduli zikiwapo, chomeka modemu, kisha andika sudo dmesg usome ujumbe wa kerneli. Unatafuta neno ttyUSB0, jina la mlango wa modemu. Ukiona sr0 peke yake, modemu imejitambulisha kama CD: nyingi za Huawei hufanya hivyo kwanza, zikiwa zimebeba draiva za Windows, mpaka programu ya usb_modeswitch izigeuze ziwe modemu. Andika lsusb uone orodha ya vifaa vya USB. 12d1 ni namba ya Huawei; zinazofuata zikiwa bado 1446, modemu haijageuka. ttyUSB0 ikishatokea ndipo ukague APN, na kama mtumiaji yumo kwenye dialout, kundi lenye ruhusa ya kutumia mlango huo.

Kerneli na pppd ni lazima vielewane. Kerneli 2.4 ilipotoka Januari 2001 ilidai pppd 2.4.0, aliyebaki na pppd ya zamani hakuunganishwa, hata nywila iwe sahihi kiasi gani.

Sasa mtego wetu wa huku. Mjini utaomba waifai kwa jirani. Ukiwa kwenye ofisi ya chama cha msingi kijijini Tandahimba au Liwale, msimu wa korosho umepamba moto na karani anasubiri kutuma taarifa za mzigo, modemu hiyo ndiyo njia pekee ya intaneti, na dawa yake iko huko huko intaneti. Kwa hiyo kerneli ya zamani usiifute kamwe kabla mpya haijathibitika. Washa upya, bonyeza Shift au Esc mpaka menyu ya GRUB (ya kuchagua kerneli mashine inapowaka) itokee, ingia kwenye toleo la zamani, modemu itaunganisha. Ukiwa humo malizia kilichokatika kwa sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install, ndipo urudi kwenye kerneli mpya.

Simu ya Android kwa waya wa USB nayo husaidia, kwa kuwa haipitii ppp. Lakini rndis_host, draiva inayotumika hapo kwa kawaida, nayo ni moduli. Folda nzima ikikosekana, simu haitakuokoa.

Kabla hujapanda gari kwenda kijijini, tumia apt-get download uweke kwenye flashi vifurushi vya ppp, wvdial, usb-modeswitch na usb-modeswitch-data, pamoja na linux-modules na linux-modules-extra za toleo la mteja. Toleo lenyewe muulize kwa simu, akusomee uname -r polepole, nawe uandike kila nukta na kistari.