Kuuza vifaa vya bodi vya gari lililobadilishwa sura

Nilipoamua kuirudishia Subaru Impreza WRX yangu ya mwaka 2001 sura yake ya kiwandani, nilibaki na boneti, bampa la mbele, fenda mbili, shoo (grili ya mbele) na taa, vyote vya toleo la 2003, kwa kuwa mmiliki aliyenitangulia alikuwa ameing'oa ile sura yenye taa za mviringo na kufunga hii iliyoifuata. Mnunuzi wa kwanza, mkazi wa Morogoro, aliniomba namba ya chasisi. Nilimtumia bila kufikiri, naye, kwa haki kabisa, akaamini kwamba fenda zile ni za 2001. Zilipofika kwa basi hazikukutana na taa zake hata kidogo, na gharama ya kuzipeleka na kuzirudisha niliibeba mimi.

Namba ya chasisi ya gari lililobadilishwa inaeleza gari lilivyozaliwa, haielezi limevaa nini leo. Kwa hiyo, katika tangazo, taja mwaka wa sura ambayo kifaa kinatoka, kisha useme kama ni cha gari lenye buti au la stesheni wagoni, kwa maana fenda za mbele za WRX yenye buti zimetanuka kuliko za mwenzake.

Piga picha za upande wa nyuma pia. Huko ndiko yanakoonekana masikio ya bampa yaliyovunjika na mabaka ya faiba, na ndiko bampa la plastiki halisi linakokuwa na herufi za aina ya plastiki, mara nyingi PP, yaani polipropilini. Bampa la kuigiza la faiba lina soko lake, ila liuze kwa jina lake, kwani fundi atalitambua akiligonga tu. Fenda ya bati iliyojazwa puti nene (lipu ya kusawazisha bati) sumaku itaisaliti, kwani haitashika vizuri hapo. Boneti yangu haikushika sumaku kabisa kwa sababu ni ya alumini, na ilinibidi kulieleza jambo hilo kwa kila aliyekuja na sumaku yake mfukoni.

Suala la uhalali ndilo lililonichosha zaidi. Taa zangu zilikuwa zimechongwa namba ya usajili ya gari zilikotoka, na katika jiji ambalo vibaka hung'oa taa na vioo vya pembeni usiku, mnunuzi makini hawezi kulipuuza hilo. Laiti nisingekuwa na hati ya mauziano niliyoachiwa na mmiliki wa awali, nisingeziuza. Nawe mwandikie mnunuzi hati, mtie saini wote wawili.

Fenda zile hatimaye zilichukuliwa na kijana wa Tabata aliyekuja na gari lake. Tulizipachika kwa boliti mbili kila upande, akatazama mianya ya milango, ndipo akatoa fedha.