Mkate wa Majani kwenye Sufuria: Punguzeni Hamira

Maswali ya mkate wa majani usiokandwa hayaishi, na mengi yanaulizwa na watu ambao hawakusoma vipimo. Basi navirudia hapa kwa mara ya mwisho: unga wa ngano nusu kilo, maji gramu 350, chumvi gramu 10, hamira ya chenga robo kijiko cha chai, na majani ya viungo unayopenda. Koroga, funika, acha uumuke. Oveni iwe nyuzi 230, sufuria nzito na mfuniko wake vipate moto humo nusu saa. Tumbukiza donge likiwa juu ya karatasi ya kuokea, oka dakika 30 umefunika na 15 umefunua. Tuendelee.

Shikamoo shangazi. Niliacha unga usiku kucha kama wanavyoelekeza mtandaoni. Asubuhi unanuka pombe, na kwenye oveni mkate ukabonyea. Hamira niliweka kijiko kimoja cha chakula ili usinigomee. Mama wa Tabata

Marahaba mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe. Kijiko cha chakula kina vijiko vitatu vya chai, kwa hiyo umeweka hamira mara 12 ya inayotakiwa, halafu ukaenda kulala.

Hiyo habari ya usiku kucha inatoka kwa mwoka mikate wa New York, Jim Lahey. Gazeti la The New York Times lilipoitangaza njia yake mwaka 2006, dunia nzima ikaanza kuoka mikate kwenye sufuria. Yeye anaacha unga saa 12 hadi 18, lakini kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi. Jiko la Tabata mwezi wa pili lina nyuzi hizo saa ngapi? Kwenye joto letu hamira inakimbia. Inamaliza sukari iliyomo kwenye unga, inatoa gesi na kileo, na ule utando unaoshika gesi unachoka na kupasuka. Donge lililofika hapo halina nguvu ya kupanda tena hata ukilipa moto wa namna gani.

Kwa robo kijiko, changanya saa mbili asubuhi. Kwenye saa saba au nane mchana utakuwa tayari. Ukitaka wa kulala, uache nje mpaka uanze kuumuka, kisha uingize kwenye friji mpaka kesho. Na angalia unga, usiangalie saa: ukiwa umeongezeka mara mbili, una mapovu juu na unatikisika ukigusa bakuli, oka.

Hii hofu ya hamira kugoma imetuharibia hata maandazi. Ukiuma andazi la mtaani siku hizi unakutana na harufu ya hamira kabla ya iliki. Kama huiamini hamira yako, ijaribu: chukua maji ya uvuguvugu, sukari kidogo na hamira kidogo, subiri dakika 10. Isipotoa povu, itupe, usiiongeze. Na acheni kununua ile ya kupimiwa kwenye kopo lililo wazi dukani. Unyevu wa Dar es Salaam unaiua taratibu. Nunua pakiti ndogo, ukiifungua ihifadhi kwenye friza.

Naweza kutumia dona?

Hapana.

Sina sufuria ya chuma, zinauzwa bei ya kodi ya nyumba. Nitumie sufuria ya kawaida? Kijana wa Sinza

Tumia. Kinachofanya kazi ni mvuke. Maji yaliyomo kwenye unga yanatoka, mfuniko unayazuia, ganda linabaki laini kwa muda na mkate unapata nafasi ya kutanuka kabla halijakauka. Chuma kizito kinasaidia kwa kuwa kinatunza joto, ila sufuria nene ya aluminiamu yenye mfuniko unaokaa sawasawa itakupa mkate mzuri. Weka sinia chini yake ili kitako kisiungue.

Kabla hujaiwasha oveni, angalia vishikio. Vya plastiki vitayeyuka, na mifuniko mingi ya kioo haikutengenezwa kwa nyuzi 230. Sufuria zenye utando wa kutoganda usizipashe moto zikiwa tupu hata kidogo. Utando huo ukizidi joto unatoa moshi mbaya, na moshi huo unaua ndege wa kufugwa ndani. Chungu cha udongo kinafaa pia, ila kiingize kwenye oveni ikiwa baridi, kipate moto pamoja nayo. Na kikitoka usikiweke juu ya sakafu yenye maji, kitapasuka.

Sina oveni kabisa, nina jiko la mkaa tu.

Bibi zetu wa pwani walioka mkate wa kumimina bila oveni: makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Fanya hivyo hivyo. Chini weka machache, juu weka mengi, na sufuria iinue kidogo kwa vipande vya matofali isikalie moto moja kwa moja. Ganda halitakuwa gumu kama la oveni, lakini mkate utaiva.

Hujaniuliza, ila nakwambia: usiingize jiko la mkaa chumbani kisa mvua inanyesha. Gesi yake haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Oka barazani, au usubiri mvua ikatike.

Ni majani gani mazuri, na kitunguu saumu niweke lini?

Hapa ndipo utamu ulipo. Rozmari inastahimili moto, iweke tangu mwanzo. Mbichi tafuta sokoni Kisutu, ikatekate sana maana majani yake yanachoma mdomoni. Vijiko viwili vya chakula vinatosha kwa nusu kilo ya unga, na ukitumia iliyokaushwa weka theluthi ya hapo. Giligilani, mrehani na kitunguu cha majani ni laini, vikikaa saa sita kwenye unga vinakuwa vyeusi. Vikunje ndani wakati unaviringa donge, na uvikaushe maji kwanza. Mchaichai uache kwenye chai.

Kitunguu saumu kibichi kinaizubaisha hamira. Kichome kwanza kikiwa na maganda yake mpaka kilainike, kisha ukiponde na kukikunja ndani pamoja na majani. Na wale wanaoloweka saumu mbichi kwenye mafuta na kuacha chupa kabatini wiki nzima ili wapake mkate, acheni. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulinamu wanapenda hivyo hivyo. Sumu yao haina harufu. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache.

Ndani unanata kama ugali usioiva, na nimeoka muda wote uliosema.

Umeukata wa moto. Subiri saa nzima.

Nilitumia beking pauda badala ya hamira, haukuumuka.

Nilisema hamira.

Oveni haitamaliza umeme wa LUKU? Baba wa Mbagala

Piga hesabu, baba. Oveni ya kilowati 2 ikiwaka mfululizo saa moja na robo inakula uniti 2.5, na kwa kweli itakula pungufu, kwa kuwa ikifika joto inajizima na kujiwasha. Kama uniti zinakuuma, oka mikate miwili mfululizo. Mara ya pili sufuria haihitaji nusu saa ya kupashwa, irudishe dakika 10 tu.

Umeme ukikatika mkate ukiwa ndani?

Usifungue. Sufuria nzito itaendelea kuoka yenyewe kwa muda. Ukirudi, malizia. Ukikawia hadi jioni, kata vipande ukaange kwa siagi.

Nihifadhi kwenye friji?

Friji inaufanya mkate ukakamae haraka kuliko kuuacha mezani. Ufunge kwa kitambaa, ule siku mbili, unaobaki ukate vipande uweke friza. Mifuko ya plastiki na joto letu ni ukungu siku ya tatu.