Panga limeshuka, halafu imekata! Fleshi mbovu au?

SWALI: Shikamoo anko. Kijana wangu kaleta fleshi ina muvi ya kizamani, Adventures of Captain Marvel, bleki en waiti, jioni tunaangalia huku tunabangua korosho. Sasa epsodi ya pili stelingi kazimia, yuko kwenye mkanda unampeleka chini ya bonge la panga, panga linashuka, pap, imeisha. Watoto wamelala na huzuni. Fleshi mbovu? Halafu mdogo wangu anabisha eti Captain Marvel ni mwanamke. Na enzi zile hakuna kompyuta, anapaaje?
Mama Watatu, Mikindani

JIBU: Marahaba mama. Fleshi nzima kabisa, ndo ilivyotengenezwa. Hiyo ni ya mwaka 1941, kampuni ya Republic Pictures Marekani, epsodi 12, na ilikuwa inaonyeshwa kwenye majumba ya sinema, epsodi moja kila wiki, kwa hiyo lazima wakukatie pabaya ili wiki ijayo urudi na hela ya tiketi. Kuhusu panga sikwambii, watoto watasoma hapa. Ila stelingi hafi, hilo unalijua.

Ujanja wa muvi za aina hii ni kwamba epsodi mpya inaanza kwa kurudia zile dakika za mwisho, halafu wanachomeka kipande ambacho hukuonyeshwa, mfano gari limetumbukia korongoni, kumbe jamaa aliruka kabla. Mi huo naona ni uongo na unaniudhi mpaka leo. Lakini hii ya Captain Marvel wamefikiria zaidi, kwa sababu huyu risasi hazimwingii, sasa utamtishia na nini? Wakaona hatari nyingine wampe yule kijana Billy, ambaye lazima atamke Shazam ndo ageuke Captain Marvel, kwa hiyo mzibe mdomo tu na kazi imeisha. Angalia uone roho inavyokudunda kila wakimfunga kitambaa.

Mdogo wako nae hajakosea sana. Huyu wa zamani alitoka kwenye vitabu vya katuni vya Fawcett, 1940. Baadae kampuni ya Marvel ikatoa Captain Marvel wake, 1967, na wa muvi ya 2019 ndo mwanamke. Huyu wenu siku hizi anaitwa Shazam.

Kupaa sasa, hapo ndo napopapenda! Ndugu wawili, Howard na Theodore Lydecker, walitengeneza sanamu la karatasi na gundi, kubwa kupita mtu, mikono mbele, joho mgongoni, wakalipitisha kwenye waya kwa kapi linateleza toka juu, kweupe jua linawaka. Kuruka na kutua ni mtu kweli, mruka sarakasi David Sharpe, wakaunganisha vipande hivyo usijue sanamu linaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Superman alipotengenezewa ya kwake 1948 na kampuni nyingine, akipaa anageuka katuni ya kuchora, unaona kabisa, na ni miaka saba baadae!

Ombi langu mama, msimalizie zote usiku mmoja. Hapa Lindi tukiwa wadogo umeme ulikatika kibandani katikati ya muvi, tukakaa siku mbili tunabishana nani atakufa, mi sijawahi kufaidi muvi kama ile. Yule adui Scorpion uso wake unafichwa mpaka epsodi ya mwisho, waache watoto wabishane wiki nzima ni nani. Fleshi ifiche kabatini mpaka Jumamosi, halafu niandikie walisemaje panga lilipomfikia.