Kabla hujasema "ni kweli" mahakamani

Mahabusu hakukosi "mawakili" wa bure, yaani mahabusu wenzako. Mpwa wangu, dereva wa bodaboda hapa Ngamiani, Tanga, aliwapata usiku uleule: "Kiri tu, hakimu atakupiga faini, jioni uko nyumbani." Kesi yenyewe ilikuwa ya wizi wa pikipiki. Akasomewa shtaka, akajibu "ni kweli", akapelekwa gereza la Maweni kwa miaka mitatu.

Tulipotaka kukata rufaa ndipo tukaambiwa sheria ilivyo: ukitiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwa kukiri mwenyewe, huwezi kupinga hatia. Unachoweza kulalamikia ni ukubwa wa adhabu au uhalali wake. (Mahakama ya mwanzo ina utaratibu wake.)

Ila kuna upenyo. Mshtakiwa akishakiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa, kisha mshtakiwa huulizwa kama anayakubali. Majibu yake huandikwa, na kukiri kunatakiwa kuandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Tulipopata nakala ya mwenendo wa kesi tukakuta hivi: "Ni kweli nilichukua pikipiki, ila mwenyewe alinipa, nilikuwa namdai." Mtu huyo kakiri wizi gani? Mahakama Kuu hapa Tanga ilifuta hatia na kuagiza kesi ianze upya.

Kwenye rufaa ya Laurence Mpinga, mwaka 1983, zilitajwa sababu zinazokubalika: kukiri kwenye utata au kusikokamilika, kukiri kwa kutoelewa, shtaka lisiloonyesha kosa lolote kisheria, au maelezo ambayo hata ukiyakubali yote hayakutii hatiani. Kujuta hakumo.

Makubaliano ya kukiri kosa, kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, yaliyoingia kwenye sheria mwaka 2019, yana uzito zaidi kwa sababu unatia saini. Mahakama hukueleza kwamba unaachia kesi kusikilizwa na unaachia rufaa, isipokuwa kuhusu adhabu. Usisaini kwa haraka ya kuwahi Idi nyumbani. Mtafute wakili ayasome kwanza, hata wa msaada wa kisheria.

Notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Aliye gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Basi ukienda kumtembelea ndugu yako, muulize kwanza kama notisi imetoka. Sabuni na sukari baadaye.