Zombie bila Demerara kali: ramu ipi ishike nafasi yake?

SWALI: Mhariri, salaam. Ninahudumu kaunta ya baa katika hoteli moja ya ufuoni hapa Mombasa. Tuna mgeni ambaye hakosi kuagiza Zombie, ile kokteli ya ramu, kila ajapo, nasi tumeishiwa na ramu ya Demerara, ile ya Guyana, iliyoandikwa 151. Kabatini nina ramu mbili za Jamaika, Wray & Nephew nyeupe, Smith & Cross, pamoja na Demerara nyeusi ya kawaida ya asilimia 40. Nitumie ipi, na kwa kipimo gani? — Mhudumu, Nyali

JIBU: Ndugu mhudumu, swali lako lina sehemu mbili ambazo wengi huzichanganya: ukali na harufu. Ukali ni hesabu tu. Namba 151 ni kipimo cha Kimarekani ambacho ni maradufu ya asilimia, kwa hiyo ramu yako iliyokwisha ilikuwa na alkoholi asilimia 75.5, na mililita 30 zake zilibeba takriban mililita 22.7 za alkoholi tupu. Kiasi hicho hicho utakipata kwa mililita 36 za Wray & Nephew, ambayo ni asilimia 63, au mililita 40 za Smith & Cross, ambayo ni asilimia 57. Kwa ramu ya asilimia 40 utahitaji mililita 57, yaani karibu mara mbili, na maji yanayoingia pamoja nayo yatazimua ndimu na shira yako.

Harufu ndiyo yenye kazi. Donn Beach, mwenye baa wa Kimarekani, alipoitunga Zombie mwaka 1934 huko Hollywood, aliweka mililita 45 za ramu ya Jamaika, 45 za ramu ya Puerto Rico na 30 za Demerara kali. Demerara ni robo tu ya ramu yote, lakini ndiyo inayoshikilia kinywaji kizima, kwa sababu ramu ya Guyana, ambako mitambo ya kale ya mbao bado inatumika kukenekea, huja na ladha ya molasi iliyoungua na moshi wa mbali, na ladha hiyo ndiyo inayokutana na mdalasini, balungi na karafuu zilizomo. Zipake ramu hizi tone moja moja kwenye viganja, usugue, usubiri pombe ipae, kisha unuse: kiganja cha Demerara kitanuka sukari guru iliyoshika chini ya sufuria, na kile cha Wray & Nephew kitanuka ndizi zilizopitiliza kuiva na fenesi lililopasuliwa. Mimi naipenda sana harufu hiyo ya Jamaika, lakini Zombie tayari inayo ya kutosha. Ukiongeza Wray & Nephew au Smith & Cross peke yake mahali pa Demerara, utakuwa umeweka Jamaika juu ya Jamaika, na mdalasini hautasikika tena.

Kwa hiyo changanya. Chukua mililita 22 za Demerara yako ya kawaida na 22 za Wray & Nephew: alkoholi itafika pale pale ilipokuwa, na molasi itabaki. Kwa kuwa Jamaika imeongezeka, ile ramu ya Jamaika ya mwanzo ipunguze kutoka 45 hadi 30, na barafu uisage kwa sekunde tano tu, kwani kwa joto letu huyeyuka kabla glasi haijafika mezani. Ukibahatika kupata ramu iitwayo O.F.T.D. ya kampuni ya Planteray, yenye asilimia 69, mililita 33 zake zinatosha bila kuchanganya, maana ndani yake mna ramu ya Guyana, Jamaika na Barbados. Na mgeni wako asizidishe glasi mbili. Kikomo hicho aliweka Donn Beach mwenyewe.

SWALI: Mapishi yangu yanataja Bacardi 151, nami siipati popote. — Msomaji, Kizingo

JIBU: Ilikoma kutengenezwa mwaka 2016. Ladha yake ilikuwa nyepesi, kwa hiyo hapa hesabu ya ukali inatosha, na ramu yoyote nyepesi ya asilimia 75.5 itaishika nafasi yake.

SWALI: Je, Wray & Nephew inaweza kuwashwa juu ya glasi kama 151? — Msomaji, Mtwapa

JIBU: Inawaka, na mwali wake ni wa buluu hafifu ambao mchana hauonekani vizuri, jambo linalonitia hofu kuliko ukali wenyewe. Kamua nusu ya ndimu, ugeuze ganda liwe kikombe, uweke ndani kipande kidogo cha mkate mkavu kilicholoweshwa ramu kwa kijiko, kisha ufunge chupa na kuiweka mbali kabla ya kuwasha kiberiti. Usimimine kamwe kutoka kwenye chupa juu ya moto. Feni ya dari izimwe kwanza, na mgeni asisogeze mrija mpaka ganda liwe limezimika na kutolewa.