"Mela" ya Kihindi maana yake nini hasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naona kwenye habari mamilioni ya watu wanaoga mtoni India, wanaita Kumbh Mela. Hilo mela ni ibada? Ni Kiarabu? Afu kuna mela ingine wanauza ngamia, sasa hapo dini iko wapi?

Jibu: Marahaba. Si Kiarabu, limetoka Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwenye mzizi "mil", yaani kukutana, kujumuika. Kama unaangalia muvi za Kihindi mzizi huo umeshausikia mara nyingi tu, wakiagana wanasema "phir milenge", ndo hiyo hiyo "tutaonana tena" yetu. Kwa hiyo mela ni makutano, watu wamekusanyika, basi. Ibada haimo ndani ya neno lenyewe, ndo maana Kolkata kuna "boi mela", hayo ni maonyesho ya vitabu na hakuna anayeshangaa.

Dini unaijua kwa neno la mbele au kwa mahali. Kumbh ni mtungi, ule mtungi wa amrita, kinywaji cha kutokufa, ambao miungu na mashetani waliugombania matone yakadondoka sehemu 4: Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik, na kila sehemu zamu yake inarudi baada ya kama miaka 12 hivi. Sasa ya ngamia ni Pushkar, kule Rajasthan, inaangukia mwezi mpevu wa Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu unaoangukia Oktoba au Novemba, na siku hizo hizo mahujaji wanaoga kwenye ziwa takatifu. Watu wakishakuwa wengi hivyo biashara itakosaje? Mwenye ngamia kaja na ngamia wake, muuza bangili naye kaja, na wote wako kwenye mela.

Ukitafsiri, naomba sana usiandike "tamasha" haraka haraka. Hata Kihindi wanalo neno tamasha, ila kwao ni kitu cha kutazama, na mtu akikugombeza "tamasha mat karo" anakwambia acha vituko mbele za watu, sasa hujaji aliyesafiri siku 2 kwenda kuoga mto Ganga (Ganges) utamwambia yuko kwenye tamasha? Mimi naacha "mela" ilivyo, pembeni naeleza ni makutano ya mahujaji.

Na matamshi, "me" itamke kama ya "meza", ukiipanua ikawa "maila" umesema uchafu. Wagujarati, hata hawa wa Mombasa na Dar, wao wanasema "melo", na hiyo l wanaikunjia ulimi nyuma.