Je, Kwaya Inamwibia Muda wa Masomo?

SWALI: Binti yangu wa miaka 14 hufanya mazoezi ya kwaya mara 3 kwa wiki. Nimwachishe ili ashike masomo? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama mpendwa, nisingekushauri hivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuonesha kwamba sanaa husaidia kuzuia na kupunguza matatizo ya afya ya akili. Hebu mtazame binti yako anapoimba: huvuta pumzi ndefu, huiachia polepole hadi mwisho wa mstari, jambo ambalo hutuliza mapigo ya moyo, na wakati huohuo humtegea sikio jirani yake ili sauti zao zisigongane. Akikosea, hurudia ubeti, wala hakuna anayemwandikia alama. (Mwalimu wa kufoka, nakiri, huweza kuharibu yote hayo.)

Ikiwa hurudi nyumbani akiwa hoi, zungumzeni, mpunguze siku moja. Lakini ukimwona amenyong'onyea kwa majuma kadhaa, mpeleke kwa mshauri nasaha, kwa kuwa kwaya haichukui nafasi yake.